Prado 95 ya petroli (3RZ) inabugia mafuta, plagi mpya, nozeli zimeoshwa, bado hali ni ile ile

Rhotia_Juu

Habari za jioni wakuu. Naombeni msaada kwa wazoefu wa hizi gari maana nimefika mahali sielewi.

Nina Prado 95, ile ya petroli ya silinda nne enjini 3RZ, oto, ya mwaka 1998. Niliinunua kwa mtu Dar nikaipandisha huku Karatu. Gari yenyewe ina nguvu, haimisi, moshi wa bluu haitoi, chini imetulia, bodi safi kwa umri wake. Kinachoniua ni wese. Najaza fulu tenki sheli ile ile, naenda Arusha narudi, nazunguka zunguka hapa mjini na shambani, nikija kujaza tena nikagawanya kilomita kwa lita napata 5 na nusu. Tano na nusu jamani! Kuna jirani ana ya kwake kama hii hii kasoro rangi, anasema kwenye lami inampa 8 na hata hajibani kwenye kukanyaga.

Mpaka sasa nimebadili plagi, nozeli zimeoshwa kwa mashine pale Arusha, eakilina (filta ya hewa) mpya, oili na filta yake nimemwaga. Tofauti sijaiona. Fundi wangu sasa anasema tutoe masega (kile kichujio cha moshi kwenye ekzosi), ikishindikana tushushe enjini tuweke ya dizeli. Kabla sijaingia kwenye hizo hela nikasema niulize kwanza.

Mengine ambayo pengine yatasaidia: matairi ni makubwa kidogo, 285/75R16, nilikuta nayo. Juu ina keria ya chuma. Taa ya chek enjini haiwaki. Na kwa upande wa kuchemsha hii gari naisifu, haijawahi, mshale wa joto unakaa chini muda wote hata nikipanda ule mlima wa Mto wa Mbu na magunia nyuma hausogei.

Bwashee_Tegeta

Uza mkuu nunua IST. Huo ndo ushauri, mengine utapoteza muda 😂

Rhotia_Juu

Bwashee karibu Karatu mwezi wa nne mvua zimekolea uje na IST yako, nitakusubiri na kamba.

Kishoka_wa_Lami

Toa masega kaka usipoteze muda, gari za zamani yale masega yanakuwa yameziba, gari inakosa pumzi ndo maana unakanyaga sana. Mi nilitoa kwenye Escudo yangu ikawa nyepesi. Alafu weka gari kwenye tuwili, sio muda wote fo wili, utaona mabadiliko.

Spana_17

Kishoka taratibu. Prado 95 haina tuwili. Hiyo gari magurudumu yote manne yanavuta muda wote, kile kigia kidogo ukikiweka H bado ni fo wili, tofauti ni kwamba difu ya katikati iko huru. Ukikivuta HL ndo unailoki difu ya katikati, na hiyo ni ya tope na mchanga, ukitembea nayo kwenye lami kavu utakula matairi na mafuta juu yake. Kwa iyo Rhotia kitu cha kwanza hakikisha kigia kipo H na ile taa ya difu kwenye dashibodi imezima. Wapo watu wananunua gari wanaikuta imelokiwa wanadhani usukani mzito ndo ulivyo.

Masega yakiziba kweli gari inachoka, ila huyu amesema gari ina nguvu na inapanda mlima na magunia. Gari iliyoziba ekzosi haifanyi hivyo. Ukitoa masega yaliyo mazima hupunguzi mafuta hata kidogo, unapata kelele na harufu tu, na fundi anapata cha kuuza. Nasema hivi na mimi ni fundi.

Sasa Rhotia nijibu haya. Moja, ukiweka funguo ON kabla hujapiga stata, taa ya chek enjini inawaka? Isipowaka hata hapo basi kuna mtu alichomoa balbu, nimekutana nazo nyingi. Mbili, pembeni ya gia liva kuna kitufe cha O/D (overdrive, ile gia ya juu kabisa), kwenye dashibodi taa ya O/D OFF inawaka ukitembea? Tatu, na hili ndo nalitaka zaidi, unaposema mshale wa joto uko chini, chini wapi? Ukishuka mlima toka Rhotia kwenda Mto wa Mbu asubuhi unasoma wapi? Na hita ya ndani inatoa joto?

Alafu kuhusu hesabu yako, kuna kitu umekosea kidogo bila kosa lako. Tairi ya kiwanda ya hiyo gari ni 265/70R16, kimo chake kama milimita 777. Hiyo 285/75R16 ina milimita 834. Yani kila mzunguko mmoja wa tairi gari inasogea zaidi kwa asilimia 7 kuliko mita inavyojua. Mita ikikuambia umetembea 300 wewe umetembea 321 hivi. Kwa iyo 5.5 yako ni 5.9 ya kweli. Bado ni mbaya, lakini sio mbaya vile, na hata spidi yako kumbuka iko juu ya inayosomwa, wale trafiki wa tochi ya kupima spidi hawatasikiliza hadithi ya saizi ya tairi.

Mama_Njiro

Mimi sio fundi ila nina hii gari mwaka wa sita, na ya kwangu ni 3RZ pia. Kaka Rhotia kagua breki. Ya kwangu ilianza kula mafuta taratibu taratibu mpaka nikazoea, kumbe kalipa ya mbele kushoto pini zake zimekauka, pedi haziachii disiki. Nilijua siku napaki nyumbani nikasikia harufu ya kuungua, kugusa rimu haishikiki, na ile ya upande wa pili ya uvuguvugu tu. Tembea kilomita kumi hivi bila kushika breki kwa nguvu, simama, pitisha mkono karibu na kila rimu (usishike, pitisha tu). Ikiwa moja ina joto kuliko wenzake umeshapata mwizi wako. Fundi akizifungua mwambie apake grisi ya breki kwenye zile pini, sio grisi yoyote ya beringi, ile inavimbisha mpira.

Na nyuma ni dramu, waya wa hendibreki ukijaa tope la Karatu unagoma kurudi. Huko kwenu vumbi jekundu linaingia kila mahali.

Rhotia_Juu

Asanteni sana dada Mama Njiro na Spana.

Majibu: taa ya chek enjini inawaka nikiweka ON na inazima gari ikiwaka. O/D OFF haiwaki, kigia kipo H. Mshale, asubuhi nikitoka nyumbani unachukua muda mrefu kuachana na ile C (baridi), mpaka nifike Rhotia ndo umesogea kidogo, na nikishuka ule mlima unarudi unakaribia kugusa C kabisa. Barabara ya tambarare kule Makuyuni mchana ndo unafika kama robo. Hita inatoa upepo wa uvuguvugu, mwezi wa saba hapa ilikuwa tabu wanangu wakienda shule na mablanketi, nikajua ni uzee wa gari.

Breki nitapima kesho.

Spana_17

Basi mkuu nakuambia bila hata kuiona, hiyo gari haina thamostati. Au ipo na imekufa ikiwa wazi, lakini kwa gari iliyotoka Dar naweka hela yangu kwamba ilitolewa.

Ngoja nieleze maana hili ndo ugonjwa mkubwa wa gari za kwetu na watu wanauona kama sifa. Enjini imetengenezwa ifanye kazi ikiwa ya moto. Thamostati ni kivalvu kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yafike joto fulani, kwa Toyota nyingi ni nyuzi 82, namba yake utaikuta imegongwa kwenye hicho kidude chenyewe. Fundi wa Dar akiona gari inachemsha, badala ya kutafuta kwa nini inachemsha anang'oa thamostati, maji yanazunguka muda wote, mshale unashuka, mteja anafurahi analipa anaondoka. Pale Dar gari ilikuwa angalau inapata joto kwenye foleni. Wewe umeipeleka Karatu, mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, baridi, barabara haina foleni, upepo unaingia kwenye rejeta kutwa nzima. Enjini yako inaishi kwenye asubuhi isiyoisha.

Sasa mafuta yanaingiaje hapo. Kuna sensa ya joto la maji inayoongea na kompyuta ya gari (sio ile ya geji, ni nyingine, ina waya mbili). Kompyuta ikisikia maji ni ya baridi inafanya kama choki ya gari za zamani, inarefusha muda wa nozeli kufunguka ili enjini isizimike. Kwa kawaida hiyo ni ya dakika chache za asubuhi. Kwako wewe ni safari nzima. Ndo maana gari ina nguvu na haimisi, haina kosa lolote, inafanya ilivyoambiwa. Na chek enjini haiwaki kwa sababu sensa ni nzima, inasema ukweli kwamba maji ni baridi.

La pili ambalo wengi hawalijui. Gia boksi za oto za Toyota za umri huo zinaisikiliza hiyo hiyo joto. Maji yakiwa baridi, gari haikubali kuingia O/D wala kuloki konveta (kile kinachounganisha enjini na gia boksi), makusudi kabisa, ili enjini ipate joto haraka. Kwa iyo inawezekana unatembea Makuyuni na gia ya tatu na wewe hujui maana taa ya O/D OFF haiwaki. Cheki siku ukiwa kwenye 80, angalia mshale wa mizunguko, alafu linganisha na gari ya jirani yako kwenye spidi hiyo hiyo. Yako ikiwa inazunguka juu sana basi jibu unalo, tena kwa hayo matairi makubwa ilitakiwa izunguke chini kuliko ya jirani.

Kuhakikisha hakuna gharama. Chomoa plagi moja uiangalie, zile mpya ulizoweka. Ikiwa na masizi makavu meusi gari inapewa mafuta mengi. Ikiwa na rangi ya kijivu au hudhurungi iko sawa. Alafu asubuhi gari ikiwa imelala, washa, acha sailensa (iungurume yenyewe bila kukanyaga), kila baada ya dakika mbili tatu shika rejeta yenyewe kwa mkono. Gari yenye thamostati rejeta inabaki baridi muda mrefu alafu ghafla inapata moto. Isiyo nayo inapata uvuguvugu polepole pamoja na enjini. Mfuniko wa rejeta usiuguse gari ikiwa ya moto, hili sirudii.

Kishoka_wa_Lami

Mi gari zangu zote hazina thamostati na zinatembea. Bongo joto bana hicho kidude ni cha Wajapani na barafu yao.

Spana_17

Kishoka joto la Bongo ni 32, labda 35 siku ikikasirika. Enjini inataka 80 na kitu. Bado kuna safari ndefu hapo katikati.

Na kwenye Toyota nyingi kuitoa hakusaidii hata kupooza. Ile thamostati kwa nyuma ina kisahani kinachofunga njia ya mkato ya maji gari ikipata moto, ili maji yote yapite kwenye rejeta. Ukiing'oa njia ya mkato inabaki wazi, sehemu ya maji ya moto inarudi enjini bila kupita kwenye rejeta. Siku ukikutana na mlima wa kweli na mzigo utachemsha kuliko aliyeiacha.

Mzee_wa_Timau

Salamu kutoka Kenya. Nimesoma hii yote nikacheka kwa sababu mimi nimepitia hayo hayo na Prado kama hiyo, naishi hapa Timau na mnajua baridi ya huku. Ilitoka Mombasa. Makanika wa pwani alikuwa ameitoa na akaziba na silikoni safi kabisa huwezi jua. Hii gari ilikuwa inakula petroli vibaya mno, tukaweka thamostati ikatulia.

Lakini Rhotia nikuonye kitu kimoja. Mtu hatoi thamostati bila sababu. Ukirudisha, ile shida iliyokuwa imefichwa itatokea. Yangu ilitokea siku ya tatu nikipanda kutoka Isiolo, mshale ukaenda juu. Rejeta ilikuwa imejaa kutu kwa sababu ya maji ya mfereji. Kwa hivyo panga kabisa pesa ya rejeta na uangalie feni klachi, gari ikiwa moto na imezimwa, zungusha feni kwa mkono, ikizunguka bure kama toi imekwisha.

Na ukinunua hiyo thamostati usinunue ya bei ya chai. Zingine zinakwama siku ya kwanza.

Dizeli_Milele

Samahani kwa kuingilia, mimi nina Land Cruiser ya 1HZ, hii ya thamostati inanihusu? Maana dizeli haina mambo ya sensa.

Spana_17

Inakuhusu ila kwa kiasi kidogo. 1HZ haina kompyuta ya kuongeza mafuta, lakini dizeli baridi haiunguzi vizuri na silinda zinaisha haraka. Kwako anza na nozeli kupimwa presha, filta ya dizeli, na taiming ya pampu kama imewahi kufunguliwa. Ukikanyaga ikatoa moshi mweusi hayo ni mafuta yako yanapita bila kufanya kazi. Fungua uzi wako tusimchanganye mwenzetu.

Mwl_Hesabu

Naomba niongeze namba kidogo maana huku watu wanapenda kusema "jaza upepo utaona". Idara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba kila psi 1 (kipimo cha upepo) inayopungua kwenye matairi yote manne inakupunguzia kama asilimia 0.2 tu. Yani hata ukitembea na psi 10 pungufu, ni asilimia 2. Oili sahihi badala ya nzito, asilimia 1 hadi 2, kwa iyo wale mnaomwagiwa 20W-50 wakati kitabu cha gari kinakubali 10W-30 mjue faida ipo ila sio ya kubadilisha maisha. Lakini hao hao wanasema kosa kubwa kama sensa ya oksijeni iliyokufa ukilirekebisha unaweza kupata mpaka asilimia 40. Ona tofauti ilivyo.

Na eakilina, hili litawashangaza. Oak Ridge National Laboratory ya huko huko walipima 2009 gari za nozeli zinazosimamiwa na kompyuta, wakaziba filta makusudi, ulaji wa mafuta haukubadilika cha maana, gari ilipungua kasi tu. Kompyuta inapima hewa inayoingia na kutoa mafuta kulingana nayo. Kabureta ndo habari nyingine. Kwa iyo filta ibadilishwe kwa ajili ya vumbi lisile enjini, sio kwa kutegemea wese.

Keria sasa. Kwenye gari yenye umbo la kabati kama Prado, ukipita 90 unapambana na upepo, na keria ya chuma juu unaongeza bila kubeba kitu. Kama huitumii kila wiki ishushe.

Mama_Njiro

Mwalimu umenifanya nishushe keria leo leo, ilikuwa inabeba kinyesi cha kunguru tu.

Rhotia_Juu

Wakuu nimerudi, samahani kwa ukimya, nilikuwa nasubiri nijaze tenki mara kadhaa ili nisilete maneno matupu.

Kwanza plagi. Nilichomoa nikakuta nyeusi zote nne, masizi makavu ukipitisha kidole yanabaki kidoleni, na ni mpya kabisa hizo. Rejeta ya asubuhi ikawa inapata uvuguvugu taratibu kama Spana alivyosema. Tukafungua ile nyumba yake kwenye hosi ya chini, ndani patupu. Kulikuwa na silikoni nyekundu imepakwa pembeni na kipande kingine cha silikoni kinaning'inia ndani kwenye njia ya maji. Fundi wangu akanyamaza kidogo alafu akasema "hawa watu wa Dar".

Thamostati niliagiza Arusha nikachagua orijino, haikuzidi pesa ya nusu tenki. Kabla ya kuifunga niliitundika kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni na kipimajoto cha kuchemshia maziwa, ikaanza kufunguka kwenye 82, kwenye 90 na kitu ikawa imefunguka sana, nikaitoa ikajifunga. Mke wangu alikuwa anataka sufuria yake ya ugali. Fundi alitaka kuifunga vyovyote, nikamwambia kile kitundu kidogo chenye kipini kinachocheza kikae juu ili hewa itoke, akabisha, tukafanya hivyo.

Mzee wa Timau alisema kweli tupu. Siku ya kwanza kupanda Mto wa Mbu mchana mshale ukapita katikati, nikasimama pale wanapouza picha nikasubiri. Rejeta ilikuwa imeziba karibu nusu, walipoifungua walitoa matope ya rangi ya chai. Imesafishwa, nimeweka kulanti badala ya maji ya bomba, feni klachi nzima. Sasa mshale unakaa chini kidogo ya katikati na hautoki hapo, tambarare, mlima, asubuhi, mchana.

Breki nayo, dada Mama Njiro, gurudumu la nyuma kulia lilikuwa la moto. Waya wa hendibreki ulikuwa umegoma. Umebadilishwa.

Wese: mita inasoma 7 kwa lita, nikiongeza ile asilimia 7 ya matairi napata 7.5, mchanganyiko wa lami na vumbi la Mbulu. Gari inaingia gia ambayo sikuwahi kuisikia, nikifika kama 70 mizunguko inashuka kwa kituo, kwanza nilidhani imezima. Na hita inaunguza miguu.

Keria sijashusha, naitumia kubeba majani ya ng'ombe.

Kishoka_wa_Lami

Haya bana. Escudo inafunguliwa hiyo thamostati wapi?

Spana_17

Safi sana Rhotia. Kuna mawili yamebaki. Zile plagi zenye masizi zisafishe kwa brashi laini au ziache zijichome zenyewe safari ndefu, alafu baada ya mwezi chomoa moja uangalie rangi. Ikiwa bado nyeusi wakati joto liko sawa ndo tutaanza kushuku sensa ya oksijeni, maana imeishi kwenye masizi muda mrefu. Haihitaji mashine ya gharama, hata vile vidude vya bluetooth mara nyingi havisomi Toyota za soko la Japani za miaka hiyo. Kwenye boneti kuna kiboksi kimeandikwa DIAGNOSTIC, fungua kifuniko, ndani ya kifuniko kuna mchoro wa majina. Gari ikiwa imezimwa unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, weka ON bila kupiga stata, hesabu taa ya chek enjini inavyomulika. Ikimulika mfululizo kwa mwendo mmoja hakuna kosa. Ikimulika mara mbili, ikatulia, mara moja, hiyo ni 21, sensa ya oksijeni. Mbili na mbili ni 22, sensa ya joto la maji. Ukimaliza toa waya.

Kuhusu 8 ya jirani usiifukuze. Yeye ana matairi ya kiwanda, wewe una matairi mazito yenye meno, gari ya karibu tani mbili, na unatembea vumbi. Ukibadili matairi siku yakiisha rudi kwenye 265, hiyo nusu kilomita kwa lita utaiona.

Kishoka, Escudo ipi? Ya 1600 au 2000? Piga picha boneti ikiwa wazi uweke hapa.

Bwashee_Tegeta

Ile enjini ya dizeli fundi alikuwa anakuuzia shilingi ngapi kwani?

Rhotia_Juu

Bwashee ilikuwa milioni nyingi tu, na gia boksi yake juu, na kadi ya gari kubadilishwa. Nilipiga hesabu ingebidi nitembee miaka ndo irudi. Hiyo hela nimenunua ndama wawili.